Ian Donald: Daktari aliyeonyesha ulimwengu mtoto akiwa tumboni

AKINA mama wajawazito wa Eldoret na viunga vyake wanaopimwa kwa altrasaundi katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ni nadra kujua kwamba kipimo hicho kina historia inayopitia kiwanda cha boila huko Scotland. Aliyekitoa kiwandani na kukiingiza katika wodi ya wazazi ni Profesa Ian Donald.

Donald alizaliwa Desemba 27, 1910 katika mji wa Liskeard, Uingereza. Familia yake ilihamia Afrika Kusini, naye akapata shahada ya kwanza Cape Town kabla ya kurejea Uingereza kusomea udaktari katika Hospitali ya St Thomas, London, alikohitimu 1937.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alihudumu katika Jeshi la Wanahewa, akatunukiwa nishani kwa kuwaokoa wenzake kutoka kwa ndege iliyokuwa ikiteketea ikiwa na mabomu. Jeshini ndiko alikofahamiana na rada na sona, mitambo inayotuma mawimbi na kupokea mwangwi wake.

Mnamo 1954 aliteuliwa kuwa profesa wa ukunga katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Enzi hizo, daktari alitegemea zaidi viganja vyake na chombo cha kusikilizia moyo wa mtoto. Eksirei ilikuwapo, lakini mnamo 1956 utafiti wa Dkt Alice Stewart ulianza kuihusisha na saratani kwa watoto waliopigwa picha hiyo wakiwa tumboni.

Julai 1955, Donald alifunga safari hadi kiwanda cha Babcock & Wilcox, Renfrew, akiwa amebeba garini vivimbe vilivyotolewa kwa wagonjwa. Wahandisi wa huko walitumia mawimbi ya sauti kutafuta nyufa ndani ya chuma. Vivimbe vilipopimwa, ilibainika kuwa uvimbe wa maji na uvimbe mgumu hutoa mwangwi tofauti.

Akishirikiana na mhandisi kijana Tom Brown na Dkt John MacVicar, aliunda mashine ya kuwapimia wagonjwa. Wengi waliitilia shaka hadi mwanamke mmoja aliyedhaniwa kuwa na saratani isiyotibika alipopimwa, ikaonekana ana uvimbe wa maji tu. Alipasuliwa, akapona. Juni 7, 1958 watatu hao walichapisha matokeo yao, pamoja na picha za mimba, katika jarida la Lancet.

Baadaye Glasgow ikawa kitovu cha maarifa ya kupima kichwa cha mtoto, kutambua pacha na kuona mahali kondo la nyuma lilipo. Donald alipinga vikali sheria ya 1967 iliyoruhusu utoaji mimba Uingereza, msimamo uliomletea wafuasi na wapinzani. Licha ya kufanyiwa upasuaji wa moyo zaidi ya mara moja, alifanya kazi hadi 1976. Alifariki Juni 19, 1987.

Mnamo 2016, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apimwe altrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki ya 24, na aonane na mhudumu wa afya mara nane. Humu nchini, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa karibu kila mama huhudhuria kliniki walau mara moja, lakini ni takriban thuluthi mbili pekee wanaofikisha mara nne.

Hapo ndipo penye hatari. Kondo lililoziba njia ya uzazi likijulikana mapema, mama wa Moi's Bridge au Burnt Forest hupata muda wa kupanga kujifungulia penye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezwa. Likigunduliwa uchungu umeshaanza, anabaki kushindana na barabara. Donald alitafuta njia ya kujua mapema. Kufika kliniki kwa wakati ndiko kunakoipa kazi yake manufaa.