Albert Champion, Mtu Aliyepoteza Jina Lake Kwenye Boksi la Plagi

Wanachuo wenzangu, safu hii ya maisha ya watu mashuhuri imeshapitia marais, wanafalsafa na washairi. Leo naomba nianze na pistoni iliyotoboka.

Baba yangu mdogo ni mtu wa chenso. Kwetu Muleba, kuanzia Kamachumu mpaka Nshamba, mikaratusi na misonobari imepandwa pembeni ya vibanja, na mtu akitaka kujenga au kusomesha anaangusha miti. Baba mdogo ndiye anayeitwa. Ada yangu ya sekondari, tangu kidato cha kwanza, ilitoka kwenye ile mashine.

Likizo ya mwaka wa kwanza aliniagiza nimletee plagi kutoka Bukoba, ni kilomita kama 70 tu. Akanipa ya zamani niende nayo kama sampuli: NGK, imeandikwa BPMR7A. Dukani hawakuwa nayo. Muuzaji akanitolea ya kampuni nyingine, uzi uleule, urefu uleule, ila namba yake ilikuwa kubwa zaidi ya 7. Mimi msomi, nikajipigia hesabu: kama 7 inafaa, iliyozidi hapo inafaa zaidi. Nikalipa, nikapanda gari.

Wiki ya pili chenso ilizimika katikati ya mti. Fundi alipoifungua, pistoni ilikuwa na tundu juu, kama imechomwa na msumari wa moto. Ncha ya plagi ilikuwa nyeupe kama chaki. Mzee hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alikaa karibu miezi miwili bila kazi.

Niliporudi chuo nikaanza kusoma habari za plagi badala ya noti za mtihani. Kumbe kila plagi ina kiwango chake cha joto. Ile inayoitwa ya moto hukaa na joto lake kwenye ncha. Ya baridi hulipitisha haraka kwenda kwenye kichwa cha silinda. Chenso inapozwa kwa upepo tu, na ikipigwa mafuta inazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Ukiipa plagi ya moto kupita kiasi, ncha inawaka kama kaa, mafuta yanashika moto kabla ya wakati, na pistoni inayeyuka. Sasa hapa ndipo nilipoangukia: kwa NGK namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi, lakini kwa Champion na Bosch namba ikipanda inakuwa ya moto zaidi. Namba moja, maana mbili zinazopingana. Mimi nilisoma lugha ya huyu kwa kamusi ya yule.

Nikiwa katika kusoma huko ndipo nikakutana na mwenyewe, Albert Champion. Nilikuwa nadhani Champion ni neno la kibiashara tu, la kujisifu kwamba bidhaa ni bingwa. Kumbe ni jina la ukoo la mtu aliyezaliwa, akaugua, akadaiwa, akafa.

Alizaliwa Paris mwaka 1878, katika familia ya watu wa chini. Baba yake alifariki Albert akiwa bado mtoto, mama akawalea watoto kwa kufua nguo za watu. Albert akaingia kazini mapema, kutumwatumwa katika biashara ya baiskeli. Enzi hizo baiskeli ilikuwa kama simu janja ya leo: kila kijana anaitaka, na mwenye kuimudu anaonekana. Yeye hakuimudu tu, alikuwa na mbio.

Mwaka 1899, akiwa na miaka 20, alishinda mbio za Paris hadi Roubaix. Ni kilomita 268 hivi, sehemu kubwa juu ya barabara za mawe. Kwa sisi wa Kagera, hesabu ni kwenda na kurudi Bukoba na Muleba karibu mara mbili, kwa siku moja. Aliyewahi kusukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kwenye vilima vyetu anajua nazungumzia nini. Mbio hizo bado zinafanyika hadi leo na jina lake limo katika orodha ya washindi.

Baada ya hapo akavuka bahari kwenda Marekani kukimbia kwa malipo. Mchezo wake ulikuwa wa kukimbia nyuma ya pikipiki: pikipiki inakata upepo, wewe unaifuata kwa karibu kabisa. Ni mchezo wa hatari, na una siri moja. Injini ya mbele ikikohoa, wewe wa nyuma umekwisha, hata uwe na mapafu ya farasi. Kwa hiyo mtu wa miguu akalazimika kuwa mtu wa injini.

Akahamia kwenye mashindano ya magari, na mwaka 1903 akapata ajali mbaya huko Brighton Beach, New York. Mguu ulivunjika vibaya, na ulipopona ukabaki mfupi kuliko mwenzake. Wengi tungefungia baiskeli stoo. Yeye alirudi Ufaransa, na mwaka 1904 akachukua ubingwa wa taifa wa mbio za kufuata pikipiki, mguu mfupi na yote. Halafu akaacha. Aliporudi Marekani alikuwa na ujuzi wa vifaa vya kuwashia injini, na mwaka 1905 akafungua kampuni mjini Boston, yenye jina lake mwenyewe.

Hapa sikilizeni vizuri, hasa nyie mnaosoma biashara na sheria. Champion alikuwa na jina na ujuzi, lakini fedha zilitoka kwa ndugu wa familia ya Stranahan. Mwaka 1908 akakutana na William Durant, mtu wa Buick, aliyeanzisha General Motors mwaka huohuo. Durant akamshawishi ahamie Flint, Michigan, amtengenezee plagi. Champion akaenda. Akina Stranahan wakabaki na kampuni ya Boston, na kampuni ilikuwa na jina. Mwaka 1910 wakahamia Toledo, Ohio, kufuata soko la magari ya Willys-Overland, na baadaye wakamuuzia Ford. Plagi zao ziliitwa Champion.

Kule Flint, Albert naye akaita kampuni yake Champion. Kwa nini asiite? Ndilo jina alilopewa na baba yake. Lakini mgogoro ukazuka, na mwisho wake ukawa kwamba mwaka 1922 kampuni ya Flint ikabadilishwa jina na kuitwa AC, herufi mbili za mwanzo za majina yake. Wenzake walichukua jina zima, yeye akabaki na vifupisho. Ndiyo maana hadi leo dukani unaweza kukuta Champion na ACDelco rafu moja, zinashindana, na zote mbili zinatokana na mtu mmoja.

Hakufa maskini, hilo tusidanganyane. Viwanda vya Flint vilimtajirisha. Mwezi Mei 1927 Charles Lindbergh aliruka peke yake kutoka New York hadi Paris, saa 33 na nusu angani, na plagi zilizowaka ndani ya injini yake zilikuwa za AC. Mtoto wa dobi wa Paris alikuwa amepeleka moto wake nyumbani kwa njia ya anga. Oktoba ya mwaka huohuo, akiwa matembezini Paris, Albert Champion alianguka na kufariki. Alikuwa na miaka 49.

Nimefikiri sana juu ya mtu huyu. Tunasema jina jema hung'ara gizani, na mimi pia nimelelewa hivyo. Lakini yeye anaonyesha kwamba jina likishaandikwa kwenye karatasi ya kampuni linaweza kukuacha na kwenda zake. Anayeandikisha wazo lake hapa chuoni na mwenzake mwenye mtaji, asome karatasi kabla ya kushikana mikono. Na anayenunua plagi asinunue jina peke yake wala namba peke yake. Afungue kitabu cha mashine, atafute jedwali la kulinganisha. Kwa chenso nyingi zinazotumia BPMR7A, ya kulingana nayo kwa Champion ni RCJ7Y, kwa Bosch ni WSR6F, na gepu ni milimita 0.5. Mnaona? Saba, saba, sita, na zote zinafanya kazi ileile.

Bumu la semista iliyofuata lilipoingia nililigawa, nusu ya bei ya pistoni na silinda nikaituma Muleba. Mzee aliipokea bila maneno mengi. Pasaka nilipokwenda nilimkuta uani, chenso imefunguliwa juu ya gunia, plagi mbili za kampuni tofauti pembeni. Nikamsimulia habari za Champion, mguu mfupi na jina lililobaki Boston. Alicheka sana kuhusu jina. Kisha akanipa zile plagi mbili nimwambie ipi ifungwe. Nilizigeuza, nikazisoma, nikaomba kwanza kitabu cha mashine.