Johannes Rebmann: Aliyoyaona na Aliyoyasikia

Sisi tukaao Nsemulwa twajua ya kuwa Ziwa Tanganyika liko magharibi yetu, wala si ziwa moja na Nyasa au Viktoria. Lakini mtu mwaminifu alikosea jambo hili zamani, na maisha yake yatufaa sana.

Johannes Rebmann alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa Gerlingen, nchi ya Ujerumani, akalelewa katika Kanisa la Kilutheri. Alisoma katika chuo cha misioni cha Basel, kisha akatumwa na misioni ya Waingereza. Mwaka 1846 alifika Mombasa, akakaa Rabai pamoja na Krapf.

Tarehe 11 Mei 1848, akienda Uchaga, aliona weupe juu ya Kilima Njaro. Kiongozi wake aliuita baridi tu. Rebmann, aliyezoea theluji tangu utoto, akaitambua mara. Habari ilipofika Ulaya, bwana Cooley wa London, mjuzi wa ramani asiyepata kuuona mlima ule, akaikana kabisa. Rebmann hakugeuza neno lake. Mwaka 1862 von der Decken alipanda sehemu ya mlima, na theluji ikathibitishwa.

Baadaye Rebmann na mwenzake Erhardt waliwauliza wasafiri wa misafara habari za bara. Kila mmoja alinena ya kuwa njia yake hukoma penye maji makubwa. Hao hawakusema uongo. Lakini wamisioni wale waliyaunga maji yote, wakachora ziwa moja kubwa mno, na ramani ikapigwa chapa mwaka 1856. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Ujiji, kisha Speke akaliona Viktoria. Ikajulikana ya kuwa maziwa ni mbalimbali.

Rebmann akapofuka macho, akarudi kwao mwaka 1875, akafa Korntal mwaka 1876.

Tazameni, mtu ni yule yule. Katika aliyoyaona hakushindwa na wenye elimu. Katika aliyoyasikia na kuyaunga kwa kudhani, alikosea. Basi, waalimu, mwanafunzi wa ubatizo akituuliza, tupambanue: hili nimeliona, hili nimelisikia, hili nadhani tu. Tukiyachanganya, siku kosa letu litakapofunuliwa atayatilia shaka hata yaliyo kweli. Yule kipofu wa Injili ya Yohana hakuona haya kukiri asiyoyajua. Kwa hiyo lile moja alilolijua halikuweza kupinduliwa.