David Sheldrick: Mlinzi wa Tsavo aliyekataa ndovu wapunguzwe kwa bunduki

Mkazi wa Wusi, katika milima ya Taita, amezungukwa na nyika ya Tsavo. Zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga ya wanyama, na ndovu wavukao mipaka yake huwakosesha wakulima usingizi. Kwa zaidi ya miaka 25 upande wa mashariki wa nyika hiyo ulikuwa chini ya mtu mmoja, marehemu Meja David Sheldrick.

Sheldrick alizaliwa Alexandria, Misri, mwaka 1919 na kuletwa Kenya angali mtoto. Katika Vita vya Pili vya Dunia alipigana Uhabeshi na Burma akiwa na kikosi cha King's African Rifles. Mbuga ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, naye akaweka makao yake Voi. Alifungua barabara, na mwaka 1952 bwawa la Aruba likajengwa kwa kuziba Mto Voi. Katikati ya miaka ya 1950 aliongoza msako mkali dhidi ya majangili. Walioumizwa zaidi na msako huo ni Wawaata, wawindaji hodari wa upinde, ambao uwindaji ulikuwa ndio maisha yao tangu enzi za mababu.

Ndovu waliongezeka, miti ikaangushwa, na vichaka vikageuka kuwa nyasi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 ilikadiriwa kuwa Tsavo na maeneo jirani ilikuwa na ndovu wapatao 35,000. Mtaalamu Mwingereza, Richard Laws, aliitwa kuchunguza. Mwaka 1966 ndovu 300 walipigwa risasi ili meno na ovari zao zichunguzwe. Laws aliona kwamba ndovu wanaobanana huchelewa kupevuka na hukawia kuzaa tena, lakini aliamini kuwa breki hiyo ni ya polepole mno kuiokoa mbuga. Alitaka wengine wengi wauawe. Sheldrick alipinga, akishikilia kwamba nyika ina mizunguko yake na maumbile yangeleta usawa yenyewe. Wakuu wa mbuga walimuunga mkono, na Laws akaondoka mwaka 1968.

Breki hiyo imo ndani ya ubongo. Katika wanyama wanyonyeshao, sehemu ndogo ya chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni kwa mapigo, si kwa mfululizo. Homoni hiyo hupita katika mishipa midogo ya damu hadi tezi ya pituitari, nayo pituitari huziamuru ovari au korodani zifanye kazi. Mwingereza Geoffrey Harris ndiye aliyeithibitisha njia hiyo ya mishipa, na mwaka 1971 wanasayansi nchini Marekani, wakiongozwa na Andrew Schally na Roger Guillemin, walitangaza muundo wa homoni yenyewe. Utafiti wa baadaye ulionyesha kuwa ubongo hupokea habari za akiba ya mafuta mwilini. Akiba ikipungua, au mama akiwa ananyonyesha, mapigo hupungua na uzazi husimama.

Wakati siri hiyo ikifichuliwa maabarani, Tsavo ilikuwa ikiungua kwa kiangazi. Katika ukame wa 1970 na 1971 walikufa ndovu wapatao 6,000, wengi wao wakiwa majike na watoto, kwa kuwa mama mwenye mtoto hawezi kwenda mbali na maji kutafuta malisho. Kila upande uliona msiba huo kama ushahidi wake. Ukweli ni kwamba breki ya ubongo huzuia mimba zijazo tu. Haiwapunguzi walio hai. Kwa mnyama abebaye mimba miezi 22 na kunyonyesha kwa miaka, matokeo yake huchukua muda mrefu kuonekana, na njaa haingoji.

Baada ya ukame yalifuata majangili wa pembe, na idadi ikazidi kuporomoka. Mwishoni mwa 1976 Sheldrick alihamishiwa Nairobi katika idara mpya ya wanyamapori. Alifariki Juni 1977 akiwa na umri wa miaka 57, majuma machache tu baada ya Kenya kupiga marufuku uwindaji. Mjane wake, Daphne, alianzisha shirika lenye jina la mumewe linalolea ndovu yatima, naye akafariki mwaka 2018.

Hesabu ya mwaka 2021 ilikuta zaidi ya ndovu 14,000 katika eneo la Tsavo, na malalamiko ya wakulima wa Taita yamerudi pamoja nao. Huko Afrika Kusini wataalamu wamejaribu kuwachanja ndovu dume dhidi ya homoni ile ile ya ubongo, ili watulie bila kuuawa. Sheldrick hakuwa na chanjo ya aina hiyo. Alikuwa na bunduki, akakataa kuitumia, na gharama ya uamuzi huo ikalipwa na nyika.