Mkuki wa Otenyo na Waya wa Serikali

Kila nipitapo Keumbu, njia ya Kisii kwenda Keroka, humkumbuka marehemu Otenyo Nyamaterere. Januari 1908, akihimizwa na Moraa Ngiti, mwanamke mtabiri, alimchoma mkuki Bwana Northcote, mkuu wa wilaya. Northcote alipona. Askari wa Keya wakaletwa, watu wakauawa, ng'ombe wakanyakuliwa, na Otenyo naye akauawa.

Habari zilifika London kwa simu ya waya, ambayo Mombasa yetu ilikwisha kuipata tangu 1890. Huko Churchill alishtushwa na wingi wa waliouawa. Lakini waya ulikuwa ngao ya serikali: simu zote zilitoka kwake, Otenyo hakuwa na pa kusemea. Nasi tumefunzwa kutohukumu kabla ya kuwasikiliza wote wawili. Wagusii hadi leo wanadai kichwa chake kirudishwe.