Robert Bosch: Mtoto wa mkulima aliyejenga jina kwa cheche

Jina la Bosch si geni kwa wakulima na wafanyabiashara wadogo. Wanaliona kwenye maboksi ya plagi madukani, kwenye pampu za dizeli za matrekta na kwenye drili za mafundi. Wasiojulikana sana ni maisha ya mwenye jina hilo, mtoto wa mkulima aliyeanza na fundi mmoja na kijana wa kutumwa, akaishia kuuza bidhaa zake karibu dunia nzima.

Maisha yake yanamhusu kila anayenunua au kuuza vipuri. Gari la tani tatu lililobeba nyanya za kwenda sokoni linaweza kulazwa barabarani na kipuri kinachotosha kiganjani. Mwenye mzigo akishapata hasara hiyo, hatasahau ni duka gani lilimuuzia.

Robert Bosch alizaliwa Septemba 23, 1861 katika kijiji cha Albeck, karibu na mji wa Ulm, kusini mwa Ujerumani. Alikuwa mtoto wa 11 katika familia ya watoto 12. Baba yake, Servatius, alikuwa mkulima na pia mwenye nyumba ya wageni iliyokuwa njiani, ambako wasafiri na farasi wao walipumzika. Mwaka 1869 familia iliuza mali yake kijijini na kuhamia Ulm.

Shuleni kijana huyo hakung'ara. Alijifunza ufundi wa vyombo na mitambo midogo, kisha akazunguka akifanya kazi katika karakana mbalimbali. Mwaka 1884 alivuka bahari hadi Marekani, akafanya kazi katika kampuni ya Thomas Edison mjini New York. Baadaye alipita Uingereza, akaajiriwa na kampuni ya Siemens, kabla ya kurudi nyumbani.

Aanza na chumba kidogo

Novemba 15, 1886, akiwa na umri wa miaka 25, Bosch alifungua karakana yake mjini Stuttgart. Mtaji wake ulikuwa mark 10,000, sehemu ya urithi. Alipokea kazi yoyote iliyokuja: kufunga simu, kengele za umeme, na kutengeneza vyombo vidogo kwa oda ya mteja.

Miaka 10 ya kwanza ilikuwa ya taabu. Oda zilikuja na kukatika, na kuna wakati alilazimika kupunguza wafanyakazi. Aliwatembelea wateja wake kwa baiskeli, chombo ambacho wakati huo kilikuwa bado kigeni mitaani.

Kilichokuja kumtoa kilianza na mteja mmoja aliyetaka atengenezewe magneto, kifaa kinachotumia sumaku kuzalisha umeme wa cheche ndani ya injini. Kiwanda cha Deutz kilikuwa tayari kinatengeneza kifaa cha namna hiyo. Bosch aliulizia kama kinalindwa kisheria, na alipoona hakuna kizuizi, alikitengeneza upya kwa namna iliyo bora zaidi. Kuanzia mwaka 1887 aliwauzia wenye injini za kusimama, zile za kuendeshea mashine.

Injini za aina hiyo zilizunguka polepole. Magari yalipoanza, injini zake zilikuwa na mwendo mkali, na tatizo la kuwasha petroli likawa kubwa. Injini nyingi za mwanzo zilitumia kijibomba kilichopashwa moto kwa mwali wa taa hadi kikawa chekundu. Kila mtu anaweza kuona hatari ya kuweka mwali wa moto karibu na petroli.

Mwaka 1897 mfanyabiashara Frederick Simms alimletea Bosch pikipiki ya magurudumu matatu aina ya De Dion-Bouton, akitaka ifungwe magneto. Injini yake ilizunguka kama mara 1,800 kwa dakika, mwendo ambao kifaa cha zamani hakikuuweza. Fundi wa Bosch, Arnold Zähringer, ndiye aliyepata dawa. Badala ya kuchezesha sehemu nzito yenye nyaya, aliiacha imesimama, akachezesha bomba jepesi la chuma lililoizunguka. Mwali wa moto ukaanza kuondoka kwenye magari.

Plagi yazaliwa Stuttgart

Hata hivyo, kifaa hicho bado kilikuwa na vijiti vya kuachanisha umeme ndani ya silinda, navyo vililika na kuhitaji kurekebishwa mara kwa mara. Bosch alimpa kazi hiyo fundi mwingine, Gottlob Honold. Mwaka 1902 Honold alikamilisha magneto yenye umeme wa nguvu kubwa, pamoja na plagi ya kuutumia. Plagi za cheche zilikuwepo hata kabla ya hapo, lakini sasa umeme wenye nguvu na plagi inayostahimili joto viliuzwa pamoja kama mtambo mmoja wa kutegemewa.

Kazi ya plagi tangu wakati huo haijabadilika. Umeme unapita kwenye waya, unashuka katikati ya plagi na kuruka pengo dogo la chini. Pengo hilo kwa magari mengi ni kati ya milimita 0.7 na 1.1, kadiri kitabu cha gari kinavyoelekeza. Udongo mgumu mweupe unaozunguka plagi ndio unaozuia umeme kutoroka. Ukiwa na ufa, cheche inapotea kabla ya kufika kunakohusika.

Plagi hutofautiana pia katika kupoza joto. Plagi ya moto huhifadhi joto zaidi, plagi baridi hulitoa haraka. Ikiwa baridi kuliko inavyotakiwa, inashika masizi. Ikiwa ya moto kupita kiasi, inaweza kuwasha petroli kabla ya wakati na kutoboa pistoni.

Hapa ndipo wenye maduka wengi hukosea. Namba kubwa kwenye plagi ya Bosch au Champion ina maana ya plagi ya moto zaidi. Kwenye NGK na Denso ni kinyume, namba kubwa ni plagi baridi zaidi. Kwa hiyo usimpe mteja plagi ya kampuni nyingine kwa kulinganisha namba tu. Tumia jedwali la kampuni, na hakikisha urefu na unene wa nyuzi za kufungia ni ule ule.

Mishahara mizuri, kazi ya saa nane

Biashara ilikua haraka. Kufikia mwaka 1906 kiwanda kilikuwa kimetengeneza magneto ya 100,000. Mwaka huo huo Bosch aliweka siku ya kazi ya saa nane, jambo ambalo viwanda vingi vya wakati huo havikutaka kulisikia. Alilipa vizuri kuliko wenzake, na matajiri wengine wakambandika jina la Bosch Mwekundu. Yeye aliona fundi asiyechoka haharibu kazi. Lakini si kila siku ilikuwa ya amani, kwani mwaka 1913 kiwanda chake kilipata mgomo mkubwa.

Alikuwa mkali kwa ubadhirifu. Inasimuliwa kuwa aliokota kibanio cha karatasi sakafuni, akamuuliza mfanyakazi ni kitu gani. Alipojibiwa kuwa ni kibanio, alimsahihisha kuwa ni fedha zake. Mtu huyo huyo aliamini kuwa ni heri kupoteza fedha kuliko kupoteza imani ya mteja, na hakukubali bidhaa yenye kasoro itoke mlangoni.

Ukulima haukumtoka pia. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alinunua ardhi ya kinamasi kusini mwa Munich, akaitoa maji, akafuga ng'ombe wa maziwa na kujaribu njia za kuhifadhi majani ya mifugo. Shamba hilo liliitwa Boschhof.

Pigo baada ya pigo

Kabla ya vita hiyo ya mwaka 1914, sehemu kubwa ya bidhaa zake iliuzwa nje ya Ujerumani. Vita vilipoanza masoko hayo yakafungwa. Kiwanda chake cha Marekani kilitaifishwa na kuuzwa mwaka 1918, na wengine wakaendelea kufanya biashara kwa jina lake. Faida aliyopata wakati wa vita hakutaka kubaki nayo. Alitoa mamilioni ya mark kwa shughuli za jamii, ikiwemo mradi wa kuufanya mto Neckar upitike kwa meli.

Mwaka 1921 alimzika mwanawe wa kiume, Robert, aliyetarajiwa kurithi kazi. Kisha soko likageuka. Magari ya Marekani yalikuwa yanatumia betri na koili, mfumo wa bei nafuu kuliko magneto. Bosch naye alianza kutengeneza mfumo huo mwaka 1925, lakini mwaka uliofuata mauzo yalishuka na maelfu ya wafanyakazi wakapunguzwa.

Alijifunza hatari ya kutegemea bidhaa moja. Mwaka 1927 kampuni ilianza kutoa kwa wingi pampu ya dizeli, injini isiyohitaji plagi ya cheche kabisa. Zikafuata drili, vifaa vya gesi na, mwaka 1933, jokofu. Trekta linalolima leo kwa dizeli lina deni kwa uamuzi huo.

Miaka yake ya mwisho ina doa ambalo halifichiki. Chini ya utawala wa Hitler, viwanda vyake vilitengeneza vifaa vya vita na kutumia watu waliolazimishwa kufanya kazi. Wakati huo huo, Bosch mwenyewe aliwasaidia Wayahudi na kumuunga mkono Carl Goerdeler, mpinzani wa utawala huo. Alifariki dunia Machi 12, 1942 akiwa na miaka 80, na utawala aliouchukia ukamfanyia mazishi ya kiserikali.

Aliacha wosia kuwa mali yake iwanufaishe watu wengi. Taasisi yenye jina lake, ambayo leo inamiliki takriban asilimia 94 ya kampuni, hutumia mgawo wake kwa afya, elimu na sayansi. Hospitali aliyoifungua Stuttgart mwaka 1940 bado inatibu wagonjwa.

Mambo ya kuzingatia dukani na gereji

Jina likiwa zuri, wa kulighushi hawakosekani. Plagi feki zipo za majina yote makubwa. Angalia maandishi yaliyofifia, nyuzi zenye makovu, kijiti cha chini kilichopinda upande na bei iliyo chini mno. Nunua kwa muuzaji anayetoa risiti.

Plagi za kawaida hubadilishwa kila baada ya kilomita 30,000 hivi. Za platini au iridiamu zinaweza kufika 100,000. Chomoa injini ikiwa imepoa, moja baada ya nyingine, ili waya zisichanganyike. Shika waya kwenye kofia yake, izungushe kidogo, kisha vuta. Ukivuta waya yenyewe utaikata ndani bila kuona.

Soma plagi kuukuu kabla ya kuitupa. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi makavu yanaonyesha petroli nyingi, oili inaonyesha injini inalika, na weupe wenye malengelenge ni joto kupita kiasi. Plagi mpya ianze kufungwa kwa mkono. Yenye washa mpya, ikishagota, iongezwe nusu mzunguko kwa spana.

Waya nazo zikaguliwe. Washa injini usiku na ufungue boneti bila kugusa kitu. Ukiona vijicheche vikirukaruka juu ya waya, badilisha seti nzima. Bei yake haifikii bei ya mzigo mmoja wa nyanya uliooza njiani.