Charles Stokes: Mmisionari Aliyegeuka Mfanyabiashara (1852–1895)

Miongoni mwa Wazungu waliopita katika njia za bara kabla Injili haijahubiriwa Meru na Arusha, yumo Charles Henry Stokes, Mwairishi, mzaliwa wa Dublin. Maisha yake hayakumfikisha Arusha, lakini yanatusaidia kufahamu kwa nini wenyeji wa siku zile waliwapokea wajumbe wa Kristo kwa mashaka.

Stokes alifika Zanzibar mwaka 1878 akiwa mmisionari mlei wa chama cha CMS cha Waanglikana. Kazi yake ilikuwa kuongoza misafara ya wapagazi kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria, wakibeba mizigo ya misheni ya Uganda. Mwaka 1883 alimwoa Ellen Sherratt, muuguzi wa misheni, lakini mwaka uliofuata mama huyo alifariki muda mfupi baada ya kujifungua binti. Baadaye Stokes alimwoa Limi, wa ukoo wa Mtemi Mtinginya wa Usongo, Unyamwezi, na mwaka 1886 akaachana na CMS.

Tangu hapo aliishi kwa biashara ya pembe za ndovu na bunduki, na biashara ikamwingiza katika siasa. Kabaka Mwanga wa Buganda, ambaye mwaka 1886 aliwaua Wakristo wengi, alipinduliwa mwaka 1888. Wakristo nao walipofukuzwa, waliona heri wamrudishe mfalme yule yule. Mwaka 1889 Stokes alimpakia Mwanga katika mashua yake pamoja na silaha, na mwezi Oktoba Mwanga akaingia tena Mengo. Kisha Stokes akawatumikia Wajerumani katika nchi za Unyamwezi na ziwani.

Bunduki hizo ndizo zilizomponza. Akiwa Kongo kutafuta pembe, alikamatwa kwa shutuma za kuwauzia silaha maadui wa Dola Huru ya Kongo. Kapteni Lothaire alimhukumu kwa haraka, akamnyima haki ya kukata rufaa, na tarehe 15 Januari 1895 akamnyonga huko Lindi, Kongo. Uingereza na Ujerumani zililalamika, fidia ikalipwa. Lakini Lothaire alipofikishwa mahakamani aliachiliwa mwaka 1896. Kwa kesi hiyo watu wengi wa Ulaya walianza kuutilia shaka utawala wa Mfalme Leopold.

Tarehe 20 Oktoba 1896 wamisionari wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, Meru. Hawakuwa wauza bunduki kama Stokes. Hata hivyo, Kapteni Johannes na askari wake walikuwa wamepiga kambi jirani nao, na mashujaa wa Meru na Arusha hawakuwa na sababu ya kuwatenganisha. Mfanyabiashara, askari na mhubiri walikuwa wakifuata njia moja. Misheni ilirudi Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, ikalazimika kwanza kutafuta imani ya watu kwa subira, kabla ya kuwafundisha imani ya Kristo.