Askofu Muge: Mchungaji aliyekaidi onyo la waziri

JUMANNE, Agosti 14, 1990, Askofu Alexander Kipsang Muge wa Dayosisi ya Kianglikana ya Eldoret alifunga safari kwenda Busia. Alijua fika kwamba safari hiyo ilikuwa na hatari.

Siku chache awali, aliyekuwa Waziri wa Leba, Peter Okondo, alikuwa amemwonya hadharani, pamoja na Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini, kwamba wakithubutu kukanyaga Busia wangekiona cha moto na huenda wasitoke huko wakiwa hai.

Muge, mzaliwa wa Nandi, alikuwa askari wa kikosi cha GSU kabla ya kuitikia wito wa uchungaji. Alihudumu katika Kanisa Kuu la All Saints jijini Nairobi, na mnamo 1983 akawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa dayosisi mpya ya Eldoret.

Wengi wa kondoo wake walikuwa wakulima na wafugaji waliosali katika makanisa madogo ya mashambani, na dhiki zao ndizo zilizomfanya asinyamaze. Alifichua kwamba watu walikuwa wakifa kwa njaa Pokot Magharibi, jambo lililowaudhi wakuu wa serikali. Alikemea ufisadi na unyakuzi wa ardhi. Chama cha KANU kilipoleta upigaji kura wa mlolongo, uliotumika katika mchujo wa 1988, alikuwa miongoni mwa viongozi wa kidini walioupinga waziwazi.

Ukosoaji wake uliiuma serikali zaidi kwa kuwa yeye, kama Rais Daniel arap Moi, alikuwa Mkalenjin. Haikuwa rahisi kumpuuza kwa kisingizio cha ukabila.

Busia alifika, akalakiwa na waumini. Alipokuwa akirejea nyumbani, gari lake liligongana na lori katika eneo la Kipkaren, akafariki papo hapo. Alizikwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Mathayo mjini Eldoret.

Nchi ilighadhabika, na siku chache baadaye Okondo akajiuzulu. Dereva wa lori alihukumiwa kifungo cha miaka saba kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari, akafia gerezani. Kisheria, basi, kisa hicho kilikuwa ajali. Hata hivyo, zaidi ya miaka 20 baadaye, aliyekuwa afisa wa ujasusi aliieleza Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano kwamba mauti hayo yalikuwa yamepangwa. Hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa la kumuua.

Desemba 1991, miezi 16 baada ya kifo chake, sheria iliyoifanya KANU kuwa chama cha pekee ilifutwa. Muge hakuishi kuiona siku hiyo. Lakini kwa kwenda Busia, alikuwa tayari amekataa kukubali kwamba waziri anaweza kumwekea mchungaji mpaka wa mahali pa kuhubiri.